Ganda Jeupe Kwenye Pafu la Mama

Bogotá, Jumapili

Kaka Evelio,

Pokea salamu zangu na za mama. Natumai wifi na watoto wazima huko kwenye nyumba za kampuni. Sisi hatujambo kwa kusema tu, nakuandikia nimefura.

Ulinipigia simu kunikanya nisiichafulie jina kampuni inayokulisha, maana daktari wa kiwanda chenu alishasema ni saratani ya titi la mama imerudi na kuingia kwenye utando wa pafu. Basi sikia. Nilimleta hapa akapigwa picha za CT. Daktari Ximena, anayezisoma, aliniita kwenye kompyuta akanionyesha ganda nene jeupe limelizunguka pafu zima, hadi upande wa moyo, pafu lenyewe limesinyaa. Alisema saratani ya titi nayo huweza kufanana hivyo, ila ganda la namna ile, pamoja na mabaka magumu kama chokaa, vilimtia shaka nyingine. Picha zikaonyesha pa kuchukua kipande cha kupima. Jibu likaja: mesothelioma, saratani iliyoanzia kwenye utando wenyewe, ile ya vumbi la asbesto, zile nyuzi za mawe alizokuwa akizifanyia kazi baba hapo kiwandani kwenu.

Mama hakuwahi kukanyaga kiwandani, Evelio! Alifua ovaroli za baba tu. Alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Kumbe miaka yote ile nilikuwa najifulia kifo, tena kwa sabuni yangu mwenyewe!"

Mimi sikucheka. Nilimfuata daktari wenu kumuuliza kwa nini hakumwandikia mama picha za CT. Akanijibu, "Binti, kazi yangu ni wafanyakazi, si wake zao." Nilimwaga kahawa yake juu ya meza nikaondoka. Najua utasikia aibu. Sikia tu.

Sasa lile ambalo mama halijui. Daktari Ximena alinishauri nami nipigwe picha. Mabaka ninayo, pande zote mbili. Si saratani, amesema, ila ni alama kwamba vumbi lilinifikia. Na unajua lilivyonifikia. Mimi na wewe ndio tuliokuwa tukizikung'uta ovaroli zile uani, tukichekana jinsi tulivyogeuka weupe hadi kope.

Kapigwe picha, kaka. Si kwa daktari wenu. Ukitaka kunitukana, nitukane ukishapigwa picha.

Mkumbatie wifi na watoto kwa niaba yetu. Mama anakuulizia kila asubuhi.

Mdogo wako,
Nubia