Paka Aliyedhaniwa Ana Kichaa

Mpui,
S.L.P. 41,
Sumbawanga.
9 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Rafaeli,

Marahaba, maana najua ungekuwa hapa ungeniamkia kabla hata ya kuvua viatu. Kifua kimeacha kukusumbua? Huku upepo wa Juni unakata masikio, ulezi tumeanza kuuvuna, nami ni mzima isipokuwa mkono wa kushoto, ambao ndio sababu ya barua hii. Simu yangu ilipondwa siku ileile nilipoumia, kwa hiyo usidhani nimekununia.

Paka wangu Karani amekufa. Hakufa kwa ugonjwa wa pua. Aliuawa.

Unakumbuka picha nilizokutumia mwezi wa nne, pua yake imevimba upande mmoja. Ulinieleza kwamba kazi yako huko chuoni ni kutazama picha za ndani za vichwa vya paka wenye saratani ya pua, kabla hawajaanza kupigwa mionzi, na kukisia nani atapata nafuu na nani atateseka bure. Ukasema kama uvimbe haujatoboa mfupa kuelekea ubongoni, tumaini linakuwa kubwa kidogo, ingawa hata ninyi hukosea. Huku mashine ya kutibu paka sijaisikia. Nilikuwa nampangusa tu kwa maji ya uvuguvugu na kumpa mchuzi wa dagaa.

Jumamosi ile alipiga chafya mfululizo uani, damu na udenda vikamtoka, akayumba mpaka njiani. Watu walikuwa wanatoka mnadani. Mmoja akasema ana kichaa cha mbwa. Mwanangu, neno hilo hapa si dogo tena. Wakati wa Kwaresima, Faith, binti wa jirani yetu Benjamini, aling'atwa na mbwa. Walichelewa kumpeleka hospitali, akafa amefungwa kitandani, anaogopa hata kikombe cha maji. Alikuwa na miaka saba.

Benjamini ndiye aliyefika wa kwanza, na mpini wa jembe. Pigo la kwanza lilimvunja Karani mgongo. Akawa anajikokota kwa miguu ya mbele kunifuata mimi, analia kama mtoto mchanga, na mawe yanaanguka. Nikajilaza juu yake. Pigo lililofuata likanipata mimi, nikasikia mfupa ukikatika kabla ya maumivu kuja. Simu ikakanyagwa. Nilikimbilia uani, nikarudi na mchi wa kinu kwa mkono mmoja, nikampiga Benjamini mdomoni. Meno mawili yakaruka. Nilimpiga tena alipokuwa chini, Rafaeli, na ningeendelea kama Adela, mkewe, asingenishika kiuno. Nyuma yangu wengine walikuwa wanammaliza Karani kwa matofali.

Sitakuficha: nilipokuwa nampiga nilifurahi.

Tulipelekwa mjini kwa gari moja, mimi na Benjamini tumetazamana, anatema damu kwenye kofia yake. Nilifungwa plasta, na nikaanzishiwa sindano za kichaa kwa tahadhari.

Afisa mifugo wetu, Masanja, alivaa glavu, akakata kichwa cha Karani, akakipeleka kupimwa. Majibu yamerudi juzi. Hakuna kichaa. Waliopima wameandika pia kwamba uvimbe ulikuwa kwenye tundu la kushoto la pua tu, na mfupa wa juu, wa kuelekea ubongoni, ni mzima. Maneno yao nimeyanakili kwenye karatasi iliyomo humu.

Benjamini aliposikia alikuja mwenyewe, akakaa kizingitini. Hakuomba radhi, nami sikuomba.

"Dada Silvana, kwa hiyo hakuwa na kichaa?"

Nikamwambia hakuwa nacho. Ulimi wake ukapapasa pengo. Kisha akauliza kama ni kweli mtoto wa kaka yangu anaweza kumtazama mnyama mgonjwa akajua mapema itakuwaje. Nikamjibu ni paka tu, na ugonjwa mmoja tu, na hata huo anakosea.

"Sisi hakuna aliyetuambia," akasema. "Kidonda cha Faith kilipona kabisa. Tulicheka naye wiki nzima."

Nikamletea uji, kwa kuwa kutafuna bado hawezi. Akaunywa wote, akaondoka.

Bibi yako Salome anakusalimu, anauliza kama huko unapata ugali. Ndugu yako Ignasi naye anakusalimu. Amepata kibarua cha kupakia mizigo kule mpakani Kasesya. Nisalimie Loth mnayeishi naye.

Sasa ombi langu. Isome hiyo karatasi, uniambie kweli kama Karani angekuwa miongoni mwa wale wanaofaidika na mionzi. Usinihurumie. Kama angepona, nitajua waliniulia nini. Kama asingepona, nitajua kwamba nilimvunja meno mtu aliyezika mwanawe, kwa ajili ya paka ambaye siku zake zilikuwa zimekwisha. Lolote utakaloandika, nitamsomea Benjamini pia. Ameniomba.

Mungu akulinde wewe na mikono yako.

Ni mimi nikupendaye,
Shangazi yako Silvana