Trei Ambayo Sikuigusa

3 Machi

Mama, shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila hapa maabara hatupumui. Wizara inatuma watu kutathmini tunahitaji nini ili kazi hii ya kupima ushahidi isonge mbele, na msimamizi kaniachia orodha niiandike mimi. Ndiyo malipo ya mwandiko mzuri.

Kile kipande cha mfupa kilichookotwa kwenye basi lililoungua, lile tunalodhani kaka alipanda, kimeshasagwa chote na kulowekwa kwenye dawa ya kutoa vinasaba. Kipo kwenye friji, trei moja na mate uliyotoa ya kulinganishia, kinangoja zamu. Mimi siruhusiwi kukigusa, maana ni cha damu yangu. Vuta subira.

Binti yako

20 Machi

Binti yangu, marahaba. Magoti ni yale yale, uzee hauna dawa. Subira mimi ninayo; mkwe wangu ndiye aliyeishiwa. Jana kaniuliza, "Mama, mimi ni mke au mjane?" Kuna mtu anamposa, mtu mwema, na hatangoja milele. Kwenye hiyo orodha yako andika na jibu la kaka yako.

Mama

11 Juni

Mama, shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Nilikuwa naandika, nachana.

Mwezi wa nne umeme ulikatika siku mbili, na jenereta hatuna. Nilikuwa zamu peke yangu. Nikahamishia trei zote kwenye friji ya hospitali jirani, isipokuwa hiyo yetu. Sheria ni sheria, nikamngoja mwenzangu aje aibebe yeye. Akafika kesho yake mchana. Joto lilikuwa limeshaharibu kila kitu. Mate utatoa mengine, lakini mfupa ulikuwa huo mmoja tu. Kama alikuwa kaka au la, hakuna atakayejua tena.

Kwenye ile orodha ya wizara msimamizi alitaka niandike "changamoto ndogo za umeme". Niliandika yote, na jina langu nikaweka. Wale wa wizara wakasema ni mfano mzuri, utaingia kwenye ripoti. Jenereta wanaitarajia baada ya miaka miwili. Naona aibu, Mama.

Binti yako

25 Juni

Binti yangu, marahaba. Barua yako nimeisoma peke yangu, kisha nimeichoma. Mkwe wangu nimemwambia ule mfupa umeupima wewe mwenyewe, kwa mikono yako, na ndiye kaka yako. Amelia, nami nimelia naye. Ndoa ni mwezi wa tisa.

Atakuandikia kukushukuru. Mjibu vizuri.

Mama