Makala ya Slava na Basi Mlangoni kwa Mama

Donja Lipa, karibu na Valjevo,
Serbia.
1 Desemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Gradimir,

Nakusalimu kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakufikia huko Vienna ukiwa mzima, wewe na Jasna, na kwamba kikohozi cha mtoto kimekwisha. Msimvishe nguo nzito ndani ya nyumba. Jasho ndilo linalomrudishia kikohozi.

Mimi ni mzima, ila macho yanachoka upesi zaidi ya mwaka jana. Mama naye ni mzima kwa hesabu za daktari: shinikizo la damu limetulia, na usingizi anaupata. Mguu wa kushoto umevimba. Sababu yake nitakueleza inapofika zamu yake.

Theluji bado haijaanguka. Kabichi imeshaiva ndani ya pipa, kuni zimepangwa chini ya paa la banda, na rakija, pombe yetu ya plamu, mwaka huu imetoka nyepesi, kwa kuwa mvua ya Septemba iliziharibu plamu. Fundi amekuja kulitazama dohani, akatikisa kichwa, akaondoka. Tunamngoja arudi.

Nimechagua kalamu na karatasi kwa sababu simu hukupa nafasi ya kucheka kabla sijamaliza sentensi. Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho, ukiwa umeketi.

Naanza na yale ambayo mimi na wewe hatubishani. Tulipomzika Baba mwezi wa Februari, wewe ndiye uliyetoa wazo. Uliniambia jikoni, sahani za matanga zikiwa bado mezani: "Andika, Dada Vida. Wewe ndiye unayejua. Mwanangu asije akauuliza mtambo wa kutafutia mtakatifu wa ukoo wake ni nani." Nilikubali, kwa kuwa blogu yangu ilikuwa imelala muda mrefu, na kwa kuwa hoja yako ilikuwa sahihi. Slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, hurithiwa na mwana kutoka kwa baba, na wana wengi wa kizazi chako wameondoka nchini kabla ya kufundishwa.

Mama aliweka sharti moja, na alilitamka mbele yetu wote wawili. "Andika mkate," alisema. "Mimi usiniandike." Maana yake ilikuwa wazi: sura yake isionekane, kijiji kisitajwe, nyumba isijulikane. Nilimwahidi. Wewe ulitikisa kichwa kukubali, mdomoni una kipande cha jibini.

Niseme kwa haki kwamba katika kuipanga makala ulikuwa mwalimu mzuri. Ulinilazimisha nimchague msomaji mmoja tu. Tukamchagua mtu aliyepanga nyumba ugenini, baba yake amefariki au hazungumzi, slava inamkaribia, naye anaona haya kuuliza. Ukaniambia kila kichwa kidogo kiwe swali ambalo mtu huyo angeliandika mwenyewe kwenye simu, na jibu lije katika sentensi ya kwanza, historia ifuate baadaye. Nilifuata mpangilio wa siku yenyewe: mshumaa, ngano ya kuchemsha, mkate na jinsi unavyozungushwa na kukatwa, divai, kisha wageni. Nilikata aya nzima kuhusu asili ya desturi hii. Iliniuma kama kung'olewa jino, lakini ulisema kweli.

Hata namna ya kuitangaza tulikubaliana. Ingepelekwa kwa parokia zetu za ughaibuni na kwa vyama vya utamaduni, mapema, kabla slava za majira haya hazijaanza. Mwishoni wasomaji wangeombwa waeleze jinsi familia zao zinavyofanya. Uliniomba nywila ili upange picha na kufupisha kichwa cha habari. Nilikupa bila kufikiri, kama mtu anavyompa ndugu yake ufunguo wa nyumba waliyozaliwa wote.

Nilipoichapisha, kichwa changu kilikuwa hiki: "Namna ya Kuandaa Slava Ikiwa Hakuna Aliyekufundisha." Kirefu, nakiri. Ulichokiweka badala yake ni hiki: "Nyumba ya Serbia Isiyofunga Mlango: Njoo, Huhitaji Mwaliko." Chini yake ukaweka tarehe, ramani ya barabara mpaka langoni kwetu, na picha ya Mama akiwa na kitambaa cheusi kichwani. Picha hiyo uliipiga siku ya arobaini ya Baba. Sikujua lolote mpaka siku yenyewe. Jina la mwandishi uliliacha vilevile. Langu.

Tazama sasa ulichokifanya, maana hapa ndipo kosa lilipo, wala halipo katika urefu wa kichwa. Niliandika kwamba kwenye slava hatumwaliki mtu. Anayejua huja, na mwenyeji hana ruhusa ya kumfukuza yeyote. Huo ni wajibu wa mwenyeji. Wewe ukautangaza kama haki ya mgeni. Maneno karibu ni yaleyale, ila umeyageuza yamtazame mtu mwingine, na mtu huyo alikuja na basi.

Siku ya Mtakatifu Georgi, mwezi uliopita, tulianza vizuri. Padri alikuja mapema, akaubariki mkate. Ulikuwa umepiga simu usiku uliotangulia kusema kwamba kazi imekushika, basi mimi na Mama tuliuzungusha na kuubusu wenyewe, mikono yake na yangu, mahali ambapo ingekuwa mikono yako. Mama hakulalamika. Alisema tu, "Kazi ni kazi. Watu wa Vienna hawajui Georgi wetu." Kisha akaweka mezani sarma, nyama ya kusaga iliyoviringishwa ndani ya majani ya kabichi, nyama ya nguruwe, keki za walnati, na glasi ya Baba, ambayo mzee Svetozar, aliyetusimamia ubatizoni sisi wawili, angekuja kuijaza divai na kuimwaga kidogo kwa ajili ya roho yake. Ilikuwa slava ya kwanza bila Baba. Mama alimngoja mzee huyo zaidi ya alivyomngoja padri.

Badala yake likaja basi. Kiongozi wao, bwana mmoja wa Belgrade mwenye sauti ya sokoni, alisimama langoni akawaita: "Ingieni, ingieni, msione haya! Leo hawaruhusiwi kumfukuza mtu, imeandikwa!" Kisha akanigeukia mimi: "Dada, choo kiko wapi?"

Ungeniuliza kwa nini sikufunga lango, ningekujibu kwamba unajua. Mtu wa taifa lingine angelifunga. Sisi tulileta viti.

Walikula chakula cha jamaa zetu. Hawakuwa watu wabaya. Walisifu, walishukuru, mmoja alilia kidogo mbele ya mshumaa. Bibi mmoja aliyekuwa na simu hakuwa ameuona mkate ukibusiwa, akaomba kupitia kwa kiongozi: "Mwambie mama abusu tena. Mara hii polepole." Mama akabusu tena. Nilikuwa nimeshika sinia, na sikujua niliweke wapi.

Mwenyeji wa slava haketi, na kwa kuwa wewe hukuwepo, mwenyeji alikuwa yeye. Nilimletea kiti mara nyingi. "Kiondoe," alisema. "Baba yako aliketi lini?" Basi lilipoondoka likaja gari dogo, baada yake jingine, wote wakifuata ramani yako. Alisimama mpaka taa zikawashwa. Hiyo ndiyo sababu ya mguu.

Mzee Svetozar alifika. Habari zake tulizipata kwa Spasenija, jirani, juu ya ua. Alikuja na chupa yake chini ya koti, akaona basi, akaona watu wakipiga picha kwenye ngazi, akamuuliza Spasenija, "Hawa ni wakwe wa nani?" Naye kwa ulimi wake unaoujua akamjibu, "Sijui, mzee. Labda wamefungua hoteli, na sisi hatujaambiwa bei." Mzee akamwachia Spasenija chupa, akarudi kwake kwa miguu. Hajaja tangu siku hiyo. Glasi ya Baba ilibaki kavu.

Kabla ya kuondoka, kiongozi alimwonyesha Mama makala kwenye simu yake, akidhani anampa heshima. Mama aliona uso wake, akaona kijiji, akaona jina langu. Tulipobaki peke yetu alifuta meza nzima, kisha akasema, "Kumbe ni wewe. Nilikwambia andika mkate. Umeniuza, Vidosava, mimi na sahani zangu."

Nilifungua mdomo nimweleze. Hapo akaongeza, kwa sauti ya chini, akikunja kitambaa: "Nashukuru Mungu Gradimir hakuwepo. Angekufa kwa aibu."

Nikaufunga.

Kesho yake nilikupigia. Hukukana, na hilo nalihesabu kwa upande wako. Lakini ulisema, "Si ulitaka isomwe? Imesomwa! Dada, wewe huandika kama unawahutubia marehemu." Ukaniambia rafiki yako wa safari za watalii alikuomba tu, nawe ukaona ni fursa. Ukacheka. Nilipokutajia glasi ya Baba ulisema una mkutano.

Makala nimeiondoa. Sikuirudisha katika hali yake ya mwanzo, ingawa ningeweza, kwa sababu picha zimeshasambaa na kila anayeiona ataitafuta nyumba. Msichana mmoja wa Melbourne ameniandikia. Alikuwa ameisoma kabla hujaigusa, akawasha mshumaa jikoni kwake kwa mara ya kwanza, na sasa anauliza imekwenda wapi, kwani hakumaliza sehemu ya divai. Nimemjibu kwa barua pepe, sehemu hiyo peke yake. Msomaji tuliyemchagua alikuwepo kweli, Gradimir. Alikuwa ameshafika.

Nyumbani Mama hunipikia, hunifulia, hunijibu ninapouliza. Lakini nikiingia chumbani anafunga sanduku la picha za Baba. Anaogopa nitaziandika. Miaka yote niliyofundisha watu kupima neno kabla ya kulitoa, sijawahi kuogopwa na mtu, na wa kwanza amekuwa yeye.

Sitamwambia. Usidhani ni huruma kwako, na usidhani najifanya mtakatifu. Nikimwambia mimi, atakuwa amesikia shutuma ya binti anayejitetea, na atalazimika kuchagua amwamini nani kati ya watoto wawili alio nao. Ukimwambia wewe, atakuwa amesikia ukweli. Tofauti hiyo siwezi kuiziba kwa ufasaha wowote. Mpigie mwenyewe, mchana, akiwa na miwani na akili yake, umwambie ni nani aliyebadilisha kichwa, ni nani aliyeweka picha. Ombi langu ni hilo tu. Mzee Svetozar nitamwendea mimi.

Fundi wa dohani akirudi nitamlipa kutoka mfukoni mwangu, hilo lisikushughulishe.

Msalimie sana Jasna, mwambie nimepata sufu aliyoitaka. Mbusu mtoto kwa niaba yangu. Spasenija anakusalimu, pamoja na maneno ambayo siyaandiki. Mungu na Mtakatifu Georgi wakulinde barabarani na kazini, wakupe moyo wa kuinua simu.

Katika kifurushi hiki utakuta robo ya mkate wa slava. Mama aliitenga kwa ajili yako kabla basi halijafika, akaifunga kwa mikono yake. Imekauka, ilowanishe kwa divai. Amenituma nikuandikie hivi: "Mwambie mwanangu asione haya kwamba mwaka huu alikosa. Mwakani ni yeye atakayesimama, na mimi nitaketi."

Nimeyaandika kama alivyoyasema, bila kubadilisha neno.

Dada yako akupendaye hata sasa,

Vidosava