Mikono ya Maalim Mudrik

Malmo, 14 Januari 2025

Bibi yangu Bahiya,

Shikamoo, na assalaamu alaykum. Natumai barua yangu hii ya simuni imekukuta umekaa barazani na miguu haikusumbui. Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno.

Bibi, ile kazi nimeipata. Tunatengeneza mchezo wa kompyuta wa mambo ya kale. Mchezaji anashika utawala, anaoza watoto, anapigana vita, na miaka inakwenda. Mimi nimepewa pwani yetu, zama za masultani. Kila mtu ndani ya mchezo ana dini, na chini ya dini ana madhehebu. Sultani nimemwandika Ibadhi, watu wengi wa mji Sunni wa Kishafii, na baadhi ya wafanyabiashara wa Kihindi Shia. Wenye madhehebu mamoja wanapendana kwa alama ishirini. Wakitofautiana wanachukiana kwa alama thalathini, na chuki ikizidi, mji unaasi.

Vitabu vinanipa majina na tarehe tu. Wewe umezaliwa Ibadhi ukaolewa na Babu Kheir, Mshafii. Mliishi vipi? Nipe habari za nyumbani.

Mjukuu wako, mume mdogo,
Khelef

*

Unguja, 20 Januari 2025

Mume wangu mdogo Khelef,

Marahaba, na waalaykum salaam. Nakuandikia kwa kidole kimoja, basi usinihesabie makosa. Miguu ni ile ile, mmoja wangu na mwengine kama wa kuazima. Kumbe siku hizi watu wazima wanalipwa kwa kucheza. Babu yako angelijua asingejitesa na ule ukarani.

Unauliza tuliishi vipi. Yeye akisali akifunga mikono, mimi nikisali naiachia. Alfajiri yeye akisoma dua ya kunuti, mimi sisomi. Kisha tukinywa chai birika moja. Mama yako alipokuwa mdogo leo akifunga, kesho akiachia, wala hakuna aliyemgombeza. Miaka arubaini na mbili tumegombana kwa mengi, hasa chumvi, na hilo halikuwamo.

Ukitaka habari nzuri zaidi, chukua ya Maalim Mudrik, imamu wetu wa Msikiti wa Kisima Kidogo. Alikuja kijana kutoka Pemba, watu wakaipenda sauti yake wakamtaka awasalishe. Yule ni Ibadhi kama mimi, na watu wa msikiti ni Washafii. Alimwuliza babu yako afanyeje, babu yako akamwambia, "Watu hawa nyoyo zao zinatua kwenye kunuti." Maalim akasema, "Basi ntawasomea. Dua haimdhuru mtu." Huu mwaka wa thalathini na moja, msikitini anafunga mikono na kuwasomea kunuti yao, na nyumbani kwake anaiachia. Tunaojua ni yeye, marehemu babu yako na mimi. Hapa kwetu mtu akisimama mbele mnasali, hamumuulizi.

Kula cha moto, na soksi uvae mbili mbili.

Bibi yako, mke mkubwa

*

Malmo, 2 Februari 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Vipi miguu, na ile dawa ya kuchua imesaidia? Mimi mzima, soksi navaa tatu.

Habari ya Maalim niliwasomea wenzangu, mkuu wetu akapiga meza kwa furaha. Tumeitia mchezoni. Humo mtu ana madhehebu ya wazi, na anaweza kuwa na mengine ya siri. Mchezaji akituma mpelelezi Msikiti wa Kisima Kidogo, anaambiwa kwamba imamu anaficha. Hapo anachagua. Akimwacha, hapati kitu. Akimfichua, heshima yake kwa masheikhe inapanda alama hamsini. Sote tulioujaribu tumechagua kumfichua.

Usihofu, jina lake nimelibadilisha. La msikiti nimeliacha, maana linapendeza.

Halafu nilijiunda mwenyewe humo, kwa kujifurahisha, na mchezo ukaniuliza madhehebu yangu ni yapi. Lazima uchague moja. Nilichagua ya Babu, nikafuta, nikachagua yako, nikafuta tena.

Mjukuu wako, mume mdogo,
Khelef

*

Unguja, 11 Februari 2025

Mjukuu wangu Khelef,

Marahaba. Nakuombea afya na salama. Mimi hivi hivi, usingizi umenipungua.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Maalim hafichi kitu. Anayeficha ni mtu aliyefanya ubaya, na yeye anawafanyia watu heshima. Wewe umeichukua adabu ya mtu ukaiita siri. Nami nakuuliza: watu wa madhehebu mbali mbali wakisali safu moja, mchezo wako unawapa alama ngapi?

Mji huu ulishawahi kuhesabiwa nani ni nani. Nilikuwa na miaka saba, mwaka wa mapinduzi, na mlango wetu ulitiwa mstari wa chokaa. Haikuwa kwa ajili ya sala mara ile, lakini kuhesabu watu ni kule kule. Aliyeutia mstari alikuwa akija kwetu kula futari.

Itoe habari hiyo. Nakuomba, na unajua mimi si mwepesi wa kuomba.

Bibi yako, mke mkubwa

*

Malmo, 30 Mei 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, ni zaidi ya miezi mitatu na sina udhuru ila kazi. Natumai u mzima. Mimi nimekonda kidogo.

Swali lako nililiuliza ofisini. Alama hakuna. Nikaambiwa kwamba watu wakielewana, mchezaji anakosa la kufanya. Ile habari ya imamu ilikuwa imeshachorwa na kutiwa sauti, na nikikwambia kweli, sikuipigania. Niliona haya kuwaambia kwamba bibi yangu amekataza.

Mchezo umetoka tarehe sita. Nasikia mpaka huko kwetu Darajani vijana wanaucheza. Hilo limenifurahisha, nisiseme uongo.

Mjukuu wako, mume mdogo,
Khelef

*

Unguja, 17 Juni 2025

Khelef,

Marahaba. Namshukuru Mungu kwa uzima wako.

Ndiyo, wanaucheza. Muhannad, mtoto wa Abdulwahid wa duka la vitambaa, kijana mzima mwenye ndevu, alipofika mchezoni pale penye Kisima Kidogo aliirikodi sehemu hiyo na kuisambaza kwenye simu za watu. Msikiti wa jina hilo mjini ni mmoja, na imamu wake ni mmoja. Kubadilisha jina la mtu ukaacha la msikiti wake ni kumfunika uso ukamwacha kwenye kiti chake.

Sasa safu ya mbele imejaa vijana ambao zamani hata Ijumaa walikuwa hawaonekani. Hawafuati sala. Wanamtazama mikono. Akitoa salamu, wao wameshatoka, wako uani wanaandika kwenye simu. Jumapili Maalim alikosa makubadhi yake mlangoni, akarudi kwake pekupeku. Aliyakuta mbele ya mlango wa nyumba yake, yamepangwa vizuri, nyayo juu.

Hakuna mtu mtaani aliyesema neno. Hilo ndilo linalonitisha. Zamani watu wa hapa wangelisema.

Itoe, Khelef.

Bibi yako

*

Malmo, 19 Juni 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimeshtuka, lakini vijana ni vijana, watachoka watafute jingine. Kila anayecheza anajua kwamba ni mchezo. Mabadiliko yanatoka kwa zamu, na zamu ya karibu ni Septemba. Nitajaribu. Wewe usitoke peke yako.

Mjukuu wako, mume mdogo,
Khelef

*

Unguja, 8 Julai 2025

Khelef,

Marahaba.

Jumamosi Maalim Mudrik alipanda ngazi zangu. Hajazipanda tangu matanga ya babu yako. Chai hakunywa. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akasema, "Bi Bahiya, tulikuwa watatu. Mmoja yuko kaburini. Mimi sikusema." Kisha akanisubiri.

Nilimwambia, "Nilimwambia mjukuu wangu, Maalim. Nilikuwa nakusifu."

Akasema anajua. Hakunikasirikia, na ningeliona afadhali angelinikasirikia. Aliniombea kheri, akashuka ngazi moja moja huku ameshika ukuta.

Jana alfajiri nilikuwa dirishani. Unajua dirisha langu linavyousikia msikiti. Rakaa ya pili aliinuka kutoka kwenye rukuu, nikaingoja kunuti, kama nilivyoisikia miaka yote hii. Haikuja. Nikasikia viatu mlangoni. Watu walikuwa wanatoka na sala haijesha. Nimeambiwa mikono aliiachia tangu mwanzo, mbele ya wote, na waliobaki nyuma yake ni wazee watatu. Vijana hawakwenda makwao. Walisimama nje, huku na huku mlangoni, mpaka akatoka. Wakamfuata hadi kwake.

Leo msikiti una kufuli. Nilijikokota mpaka nyumbani kwa Maalim. Nilibisha, hakuitika. Mlango wake umetiwa mstari wa chokaa.

Sikulaumu peke yako, mdomo ulikuwa wangu. Basi naufunga. Salamu ni wajibu, ukinisalimia nitakujibu. Habari ya mtu yeyote wa hapa hutaipata tena kwangu, hata yangu mwenyewe.

Bibi yako

*

Malmo, 26 Julai 2025

Bibi yangu kipenzi,

Shikamoo, na assalaamu alaykum. Sikuisubiri Septemba. Nilikaa mlangoni kwa mkuu wetu siku mbili mpaka akakubali, na habari ya imamu nimeifuta kwa mkono wangu. Lakini ile rikodi ya Muhannad imeshafika Mombasa na Maskati, na hiyo siwezi kuifuta.

Nilimpigia simu Dada Salhiya, hapo mtaani kwenu, akaniambia kwamba madirisha ya Maalim hayajafunguliwa wiki mbili, na majirani hawasikii hata maji kumwagika. Wapo wanaosema amerudi Pemba, lakini watu wa boti hawakumwona. Wapo wanaoangalia chini wakiulizwa. Salhiya mwenyewe aliniambia nisimpigie tena kwa jambo hilo.

Sili, Bibi. Nikifunga mikono kusali, naiona mikono ya Maalim kifuani pake. Nikiiachia, naiona yake imeshuka ubavuni. Nijibu neno moja tu, na sitauliza jingine maisha yangu. Maalim yu hai?

Nakuomba, mke mkubwa.

Mjukuu wako, mume mdogo,
Khelef

*

Unguja, 27 Julai 2025

Khelef,

Marahaba. Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Bibi yako