Kairu Alirudi Jumatatu

Baba,

Nimekaa chuoni huku Meru, ukungu umefika mpaka dirishani, na mbele yangu kuna madaftari ya wanafunzi ambayo ningekuwa nimeyasahihisha tangu jana. Badala yake nakuandikia wewe, ambaye ulipokuwa hai hukupata barua yangu hata moja. Nilikuwa nakupigia simu ya dakika mbili. Nakuuliza afya, nakuuliza mvua, unaniambia "tuko sawa", nakata.

Ni mwezi wa nne tangu tukuzike Gachoka. Nina jambo la kukiri, na nimelizunguka muda wote huu. Wewe hukupenda mtu anayezungukazunguka, kwa hiyo nianzie kanisani, maana ndiko lilikoanzia.

Unaikumbuka Jumapili niliyoalikwa kuhubiri nyumbani. Nilikuwa nimeanza kufundisha Kigiriki, kile cha kale cha Agano Jipya, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Nilisoma sura ya mchungaji mwema, kisha nikaanza kuonyesha elimu. Niliwaambia watu kwamba Wagiriki walikuwa na vitenzi viwili vya kujua. Kimoja ni oida, ambacho asili yake ni kuona: nimekwisha kuona, kwa hiyo najua. Kingine ni ginosko, kujua kunakokuja polepole, kwa kuishi na mtu au kitu mpaka kikuingie. Nikasema hicho ndicho kinachotumika hata mume anapomjua mkewe, na akina mama wa kwaya wakaziba midomo wakicheka. Nikasema mchungaji mwema anawajua kondoo wake kwa ginosko.

Sikuwaambia kwamba walimu wangu walinionya. Tofauti hiyo haishikiki kila mahali, na waandishi wenyewe mara nyingi waliyatumia maneno hayo kwa kubadilishana bila kujali. Hata katika sura ile ile vyote viwili vimo. Lakini ningeyasema hayo, mahubiri yangepungua utamu, na mimi siku hiyo nilitaka utamu.

Kisha nikauliza, "Nani hapa anajua mifugo yake kwa ginosko?" Lilikuwa swali la kupamba tu, halikuhitaji jibu. Wewe ukasimama, benchi la tatu, kofia mkononi.

"Mimi mbuzi zangu siangalii masikio," ukasema. "Mimi..."

Nikakukatiza. "Mzee wangu, kaa chini. Hapa tuko kwa Kigiriki, hatujafika kwa mbuzi."

Kanisa zima lilicheka. Ulitabasamu kidogo, ukaketi, ukaiweka kofia juu ya goti, ukawa unanyoosha ukingo wake kwa vidole mpaka nikamaliza. Tulipofika nyumbani ulinichinjia jogoo.

Baba, naona aibu. Aibu hiyo nilistahili kuiona siku ile ile, lakini siku ile nilikula jogoo nikasifiwa. Debe tupu haliachi kuvuma.

Sasa nikwambie nilichofanya baada ya wewe kuondoka. Baada ya mazishi nilibaki nyumbani kuangalia mambo. Mbuzi wako walikuwa kumi na mmoja. Siku ya tatu nikahesabu kumi. Aliyekosekana alikuwa yule jike mweusi, na sikuwa na habari nyingine juu yake ila kwamba ni mweusi na kwamba sikio lake la kushoto limekatwa kipande, kama mbuzi wetu wote. Kesho yake nikashuka bwawani ambako watu hunywesha mifugo. Nikamkuta jike mweusi, sikio la kushoto limekatwa, amesimama kati ya mbuzi wa jirani yako, Mama Wanja, mjane wa binamu yako.

Nikamshika pembe. Mama Wanja akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hiyo si ya Mzee. Hiyo ni yangu."

Nikamwonyesha sikio. Akasema masikio ya mbuzi wa ukoo mzima hukatwa hivyo tangu enzi za babu, marehemu mume wake na wewe mlirithi alama moja. Akasema, "Muite basi. Akiitika, enda na yeye."

Sikujua jina la mbuzi wako. Sikujua hata kwamba wana majina. Badala ya kukubali, nikapandisha sauti mbele ya watu waliokuwa pale bwawani. Nilimwambia mtu hamalizi hata wiki kaburini na mali yake imeshaanza kuhama. Nilimwambia mama yule maneno hayo, Baba. Yule aliyekupikia uji ulipokuwa hushiki chakula kingine, wakati mimi nilikuwa huku nimeshughulika na mitihani. Akaokota mtungi wake, akawaita mbuzi wake waliobaki, wakamfuata.

Jumamosi walimu wenzangu walikuja kunipa pole. Nikamchinja yule mbuzi niliyemtoa bwawani. Tulikula, tukaomba, mmoja akakusifu kuwa mchungaji wa kweli.

Jumatatu mbuzi wako alirudi mwenyewe. Alitokea vichakani upande wa shamba la ndengu akiwa na mtoto nyuma yake, miguu bado haijakaza. Alikuwa ameenda kuzaa. Wewe ungejua siku zake zimefika, ungejua hata kichaka atakachochagua. Alikuja mpaka mlangoni pako akasimama pale akilia.

Ningeweza kumpeleka kwa Mama Wanja saa ile ile. Badala yake nilimfunga nyuma ya jiko ili mtu asimwone. Siku mbili baadaye nilipanda Meru, na wiki ileile nikasimama mbele ya darasa nikaandika ginosko ubaoni kwa herufi kubwa.

Kijana niliyemwachia mbuzi aliacha kazi baada ya mwezi. Mama Wanja mwenyewe akanipigia simu, akasema, "Wacha zikae na zangu, zimezoeana." Nikakubali haraka, nikijidanganya kwamba hakumbuki au hakuona. Kumi na mmoja na mtoto, nani angehesabu?

Wiki iliyopita alinipigia tena kunijulisha hali ya mbuzi. Aliniambia ndengu zimekauka, bwawa limeshuka, kisha akasema kama mtu anayetaja jambo la kawaida, "Na Kairu ya Mzee ako sawa. Mtoto wake ameacha kunyonya."

Kairu. Nikauliza Kairu ni nani, nikijua.

"Ni ile nyeusi yenye ilienda kuzaa," akasema. "Mzee hakuwa anaangalia sikio. Alikuwa anaita, mbuzi inamwambia kama ni yake."

Ndivyo nilivyoisikia sentensi yako ikimaliziwa, kwa simu, na mtu niliyekula mbuzi wake. Alijua tangu siku aliyompokea Kairu. Amemlisha miezi hii yote bila kunilaumu hata kwa neno moja. Nilimshukuru, nikakata simu, nikafunga mlango wa ofisi nikalia.

Najiuliza ni kitu gani nilichokijua kwako. Nilijua uso wako, kofia yako, kikohozi chako cha asubuhi. Niliviona, basi. Miaka arobaini nilikuona tu.

Jumamosi hii nateremka Gachoka. Nitaenda kwa Mama Wanja kabla ya kwenda kaburini kwako, nimwombe msamaha, na nimwambie Kairu na mtoto wake wasitoke tena bomani kwake, ni wake. Kama hataki, nitakaa pale mpaka atakapotaka. Na kwa vile nilimtukana mbele ya watu, nimemwomba mchungaji anipe nafasi Jumapili. Sitapanda madhabahuni. Nitasimama benchi la tatu, niseme nilimla mbuzi wa nani, kisha niwaambie ulichokuwa unataka kusema siku ile, mpaka mwisho wake.

Kofia yako ninayo. Nakuahidi nitakwenda nayo. Wakinicheka, nitaketi, niiweke juu ya goti.

Lala salama, Baba.

Mwanao