Bastola ya Mizani

Afande,

Leo ni Ijumaa ya saba tangu tukuzike, na mimi nikiingia stoo ya silaha pale klabu ya shabaha bado nakipa shikamoo kiti chako. Juzi yule Mfilipino wa mapokezi alinisikia, akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na simu. Simu yenyewe ilikuwa mezani kwake, inachajiwa.

Nakuandikia kutoka chumba cha kufulia hapa kambi ya wafanyakazi, Umm Salal. Tumetoka kuswali, wenzangu wamelala, nguo zangu zinazunguka kwenye mashine. Nina swali moja la kukuuliza na najua hutalijibu. Ila wewe ndiye uliyenifundisha kazi, na swali la kazi sina mwingine wa kumpelekea.

Nianze na habari. Funguo za stoo hawakunipa mimi. Wamempa Otieno, Mkenya wa Kisumu aliyekuwa mlinzi wa hoteli kule Lusail, na kwao aliwahi kuwa askari magereza. Sikatai, roho iliniuma. Miaka minne nimekubebea masanduku ya risasi, nimekufagilia maganda sakafuni, halafu mtu wa juzi anakabidhiwa funguo mimi nikiangalia. Nikajiambia hapa kuna kitu. Unanijua. Ulikuwa ukisema, "Idi ukimpa maji ya kunywa, anayanusa kwanza." Basi Otieno nilimnusa tangu siku ya kwanza. Anamsalimia kila mtu kwa jina. Anacheka sana. Anafika nusu saa kabla ya zamu, na mimi nikawa najiuliza hiyo nusu saa anafanya nini peke yake na silaha.

Kisha mudiri wetu wa klabu akaamua kununua bastola sita mpya za wanafunzi. Si za mashindano, ni za mazoezi tu, za kutoboa karatasi: zile zinazokula risasi ndogo ya ishirini na mbili, na bei isiyoumiza. Muuzaji akaleta tatu za kujaribu. Mkoba wake unanukia udi, na anamwita kila mtu habibi, hata mimi. Mtu anayekuita habibi kabla hajajua jina lako, huyo mtazame mikono. Mudiri akatuambia mimi na Otieno tuzipige zote, kila mmoja wetu aandike anayoiona inafaa.

Nilizikumbuka kanuni zako, Afande, nikazifuata moja moja. "Bastola rahisi si yenye bei ndogo, ni isiyochagua chakula." Ya kwanza ilikuwa imepambwa kama bibi harusi, lakini ukiipa risasi za boksi la bei ya chini inakwama kila baada ya mbili. Ya pili ndiyo ya bei ndogo kuliko zote, na muuzaji alikuwa akiisukuma mbele yetu kila tukigeuka. Kifyatulio chake kigumu kama mlango wa friji ya humu kambini, mwanafunzi akikivuta mkono mzima unatetemeka. Ya tatu haina sura. Nzito kidogo, rangi yake kama sufuria iliyoungua. Lakini ilikula kila risasi tuliyoitia, mpini wake ni mwembamba unaoenea hata kwenye kiganja cha msichana wa shule, na magazini zake za akiba zinapatikana.

Otieno akaandika ya tatu. Hata hakufikiri mara mbili.

Sasa mimi ningeandika hiyo hiyo, Wallahi. Lakini siku moja kabla nilikuwa nimemwona kwenye maegesho ya magari na yule muuzaji, wanakunywa chai ya karak, vikombe viwili vya karatasi, wanacheka. Nikasema, kikulacho ki nguoni mwako. Nikaacha kuitazama bastola, nikaanza kumtazama mtu.

Ndipo nilipokumbuka bastola ya mizani. Ulivyotufundisha, kila stoo huwa na bastola moja ambayo haiguswi na mwanafunzi wala mgeni. Mtunza stoo peke yake ndiye anayeipiga, kila asubuhi, risasi tano, mkono umelala juu ya mfuko wa mchanga, na ile karatasi anaiandika tarehe na kuihifadhi kwenye faili. Bastola nyingine zote zinapimwa kwa hiyo. Nikalitoa faili. Karatasi zako zote matundu yako katikati, yamebanana kiasi kwamba ungeyafunika kwa sarafu. Nikafungua za Otieno. Tangu asubuhi yake ya kwanza, matundu yote yamekwenda kulia. Yamebanana vizuri, ila yako kulia, nje kabisa ya duara jeusi.

Na ile bastola ya tatu aliyoichagua, mkono ule ule wa Otieno, ilipiga katikati.

Nikaona nimemkamata. Ameichezea mizani ili ya muuzaji ionekane nzuri. Sikumuuliza. Nilikwenda moja kwa moja kwa mudiri na karatasi mbili mkononi, yako ya mwisho na yake ya kwanza, nikaziweka juu ya meza yake. Nakiri nilisikia raha, Afande. Nilijiona nalinda kazi ya mikono yako.

Mudiri hana mchezo na mambo ya silaha, na ana haki. Alimnyang'anya Otieno funguo siku ile ile, akampeleka kusimama getini kwenye jua na kizibao cha kuongozea magari. Akasema Jumapili ataamua. Ikithibitika kwamba ameharibu silaha kwa makusudi, si kurudishwa kwao tu, atakabidhiwa polisi kwanza. Mke wa Otieno amejifungua mwezi uliopita. Mtoto amemwona kwenye simu tu.

Nilipopita getini jioni ile alinisimamisha. Hakufoka. Alisema, "Buda, mimi hiyo kitu sijaiguza. Lakini wewe ulikuwa ushaamua." Nikampita. Nikasema moyoni, wote husema hivyo.

Funguo nikapewa mimi. Jumatano asubuhi nikakaa kwenye kiti chako, nikaiweka mizani juu ya mfuko wa mchanga, nikapiga tano. Kulia. Nikacheka peke yangu, nikasema ngoja niitazame hiyo skrubu aliyoizungusha mshenzi huyu, ile ya kusogeza kilengeo cha nyuma.

Unakumbuka uliponituma dukani Wakrah nikununulie rangi ya kucha, nyekundu? Hiyo ndiyo siku pekee niliyowahi kukushuku. Nilijua una mwanamke. Ukanicheka mpaka ukakaa chini, kisha ukanionyesha: tone moja juu ya skrubu, likikauka, mtu akiizungusha rangi inapasuka, na hawezi kukudanganya. Ulikuwa na kichupa hicho kwenye droo yako, na funguo ya droo uliivaa shingoni. Tulikukuta nayo hospitali, nikaikabidhi kwa mudiri kwenye bahasha, na bahasha ilikuwa bado imefungwa Jumatano nilipopewa.

Rangi haijapasuka, Afande.

Niliipiga picha kwa simu nikaikuza. Nzima. Haina hata ufa wa unywele. Tena ni nene, imepakwa juu ya nyingine, na chini yake nyingine, kama mlango wa nyumba ya kupanga. Nikahesabu alama za kilengeo. Kimesogea vituo tisa kutoka katikati. Kisha nikachukua faili lako nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa miaka minne, nikazigeuza karatasi nyuma.

Vijistari vya penseli. Karatasi za kabla ya Ramadhani hazina kitu. Ramadhani kuna kijistari kimoja. Mfunguo mosi viwili. Vinaongezeka hivyo mpaka wiki uliyoanguka, na pale viko tisa.

Mkono wako ulikuwa umekufa ganzi. Kidole hakikusikia tena kifyatulio, kikawa kinaisukuma bastola kushoto, nawe ukawa unasogeza kilengeo kulia, kituo kimoja kimoja, ili karatasi ya asubuhi itoke safi. Aliye na mkono mzima akiipiga, lazima aende kulia. Otieno alikwenda kulia kwa sababu yeye ni mzima.

Na mimi nilikuwepo! Ulikuwa ukinisukumia magazini, "Nijazie Idi, hii AC inagandisha vidole." Nikakujazia. Ulianza kunywa chai kwa mikono miwili, nikasema mzee anaona baridi. Siku ya kusoma fomu za vipimo vya kuhuishia kibali cha kukaa, ulizikunja ukaziweka mfukoni, ukaniambia zoezi hilo ni la mwezi ujao. Asubuhi moja nilikufunga vifungo vya shati, ukanitania kwamba nitaoa mwanamke mvivu kwa kuzoea kumvisha mtu. Mimi, ninayenusa maji. Nimemshuku muuzaji, nimemshuku Otieno, nimemshuku hata yule mpishi wa kambi kwamba anapunguza nyama. Wewe, tangu siku ile ya rangi ya kucha, sikukunusa tena.

Najua kwa nini ulificha. Wangekupima, wangekurudisha Morogoro, na mabinti wawili bado wako shule. Naelewa. Lakini nimekasirika, Afande, acha niseme. Kidole kisichosikia kilikuwa juu ya kifyatulio, na wanafunzi wamesimama nyuma yako wanasubiri zamu. Wewe ndiye uliyemfukuza ukumbini yule mgeni aliyesinzia kidogo tu akiwa ameshika bastola. Ungeniambia. Ningekupigia mimi zile risasi tano kila asubuhi, ningekuandikia tarehe kwa mwandiko wako, na pengine hilo lingekuwa kosa letu wawili, lakini nisingekuwa hapa leo na mtu amesimama juani kwa ajili yako.

Basi swali langu ndilo hili. Nikisema ukweli, jina lako linaharibika. Ile picha yako kubwa ukutani pale mlangoni, umeshika karatasi yenye tundu moja lililopigwa mara tano, mudiri humwonyesha kila mgeni. Itashushwa, naye ataanza kujiuliza mengine uliyomficha. Mama watoto wako anapiga simu kila wiki, na kila wiki namwambia huku wanakutaja kwa heshima. Nikinyamaza, naweza kusema nimekosea hesabu, nikairudisha skrubu katikati na kupaka rangi mpya, na hakuna atakayejua. Ila Otieno hatasafishwa kwa kusema nimekosea hesabu. Mudiri ameziona karatasi mbili. Ataniuliza, kama si yeye, ni nani? Na jibu liko nyuma ya karatasi zako, kwa penseli.

Usiku wa kuamkia jana nilizitoa hizo karatasi kwenye faili, nikazikunja, nikaja nazo chumbani. Nilitaka kuzichana. Nakuambia ili ujue nilivyokupenda, si kwa sifa. Asubuhi nilizirudisha.

Nimejaribu sana kusikia ungenijibu nini. Kila nikijaribu nasikia unavyotania tu, sisikii jibu. Nimeacha kusubiri.

Kwa hiyo sikia ahadi yangu, na kama inakuuma, inaniuma na mimi. Jumapili kabla ya zamu nitapita getini kwanza. Nitamshika Otieno mkono, nitamtaka radhi mbele ya walinzi wenzake, kwa sauti, mimi niliyemchongea kimyakimya. Kisha tutaingia kwa mudiri pamoja na faili lako, na nitazigeuza karatasi moja moja mezani. Nitakutaja jina lako lote, Shomari bin Athumani, mtunza stoo, na nitasema kwamba ni wewe. Nitamwambia anunue ile ya tatu. Funguo nitamrudishia Otieno, hata mudiri akitaka nibaki nazo.

Na mama watoto akipiga simu wiki ijayo, nitamwambia ulikuwa mgonjwa muda mrefu, na kwamba hukutaka tujue. Hilo ni kweli, na analistahili.

Mungu akulaze pema, Afande wangu. Kama unaweza kunisamehe huko uliko, nisamehe. Mimi nimekwisha kukusamehe kwa mkono wako. Kwa kunyamaza kwako, bado, nipe siku.

Mwanafunzi wako,
Idi