Robe ya Kijani Mbele ya Mashangazi

Furaha mupenzi, mujukuu wangu,

Hapa Kirotshe tuko muzima. Mutoto anaota meno, ananiuma kila anaponyonya. Najua utacheka koko, nyanya yako, mwenye bado ananyonyesha, lakini dada yangu mukubwa njo alizaa mama yako, basi heshima!

Unauliza kama ununue zile robe, magauni mapya ya bei chini, kwa ndoa yako. Mimi nilivaa moja siku mashangazi wa bwana wangu walikuja kuniangalia kama ninafaa kuolewa. Tulikuwa tumerudi kijijini kwetu Nyamitaba baada ya kukimbia vita. Robe ilinuka dawa, nikaifua kwenye kijito. Maji yakageuka kijani sawa mboga ya majani ya muhogo. Ndama zikanusa, zikarudi nyuma. Mama mumoja wa kule chini akapiga kelele: "Nani anapika sombe mu maji yetu?"

Mashangazi walipofika, nikapiga magoti niwape maziwa, sawa desturi. Robe ikapasuka mugongoni, kraa! Na magoti yangu yote kijani.

"Yesu! Huyu mutoto iko na ugonjwa gani?"

"Ni rangi, mama," nikajibu na machozi. Nikajua ndoa imekufa.

Shangazi mukubwa akavuta uzi, mushono wote ukafuata. "Mwenye alishona hii alikuwa anakimbizwa kazini, sawa sisi mu vita," akasema polepole. Akanifunga kitenge chake, akageukia wenzake: "Musichana tunamuchukua. Nguo ibakie kwao."

Mupenzi, kabla ya kulipa robe, vuta uzi kidogo, umufikirie na ule mwenye aliishona.

Koko yako anayekukumbatia